Mbuzi wa kumbukumbu ya mama: tunataka kuanzisha ufugaji mdogo wa familia, tuanzie wapi?

Kitindamimba

Wakuu, habari za humu. Naomba niende moja kwa moja.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa mbuzi. Si mfugaji wa kujulikana, ila nyuma ya nyumba yake mbuzi hawakuwahi kukosekana, na sisi wanne tumesoma kwa hao hao. Ameacha majike wawili: kikongwe mmoja aliyemlea kwa chupa tangu kinda, na binti wa huyo kikongwe.

Familia tumekaa kikao, tukakubaliana kwamba fedha tulizotenga kwa ajili ya kaburi la kifahari tuzitumie kuanzisha ufugaji mdogo wa mbuzi kwa jina lake. Kaburi tutajenga la kawaida. Eneo lipo, si kubwa. Dada yetu mkubwa anaishi hapo hapo, sisi watatu tuko mbali na tunarudi mara chache kwa mwaka.

Tuanze na wangapi? Wa aina gani? Banda liweje? Magonjwa gani ya kuogopa? Na hao wawili wa mama tuwafanyeje, maana hapo ndipo tulipoanza kununiana.

Wenye hesabu za "mbuzi mia ndani ya miaka mitatu" naomba mnipitie mbali. Hizo nimezisoma za kutosha.

Kwato Nne

Pole sana ndugu, Mungu ampumzishe mama. Wazo zuri.

Swali langu ni moja kabla ya mbegu na banda: dada yako amekubali, au amekubalishwa?

Mbuzi hana sikukuu. Asubuhi anataka maji na majani, jioni anataka kuhesabiwa, na jike mwenye uchungu hachagui saa. Nyie watatu mtakuwa na kumbukumbu ya mama, yeye atakuwa na kumbukumbu pamoja na kinyesi. Nimeona familia nzuri kabisa zikikosana hapo. Walio mbali wanatuma fedha kidogo na maswali mengi, aliye zizini anajiona kibarua wa ndugu zake.

Kitindamimba

Mkuu umenigusa. Wazo lilikuwa lake dada, hilo nina hakika. Ila habari ya malipo hatujaigusa, tuliona aibu kuizungumza msibani.

Kwato Nne

Zungumzeni kabla hamjanunua hata kamba. Ama alipwe kila mwezi, ama maziwa yote yawe yake, ama kila mzao achukue kitoto kimoja kiwe mali yake mwenyewe. Mimi napendelea hiyo ya tatu, kwa sababu anayemiliki kitoto ataamka usiku kukiangalia. Muandike, msaini wote wanne. Karatasi haimaanishi hamwaminiani. Mmoja wenu akifariki, watoto wake watauliza mbuzi ni wa nani, na nyinyi mliokuwa mnajua mtakuwa mmezeeka au mmesahau.

Bibi wa Zizi

Wanangu, mimi niseme habari ya banda, mengine wapo watakaoyasema.

Mbuzi anastahimili njaa, jua na safari. Asichokiweza ni unyevu. Akilala kwenye matope na mkojo, kwato zinaoza, kifua kinashikwa, vitoto vinaharisha, halafu mnatafuta mchawi. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye sakafu na paa.

Kama mko mahali pa mvua nyingi, jengeni kichanja. Kiinueni kiasi cha mita moja kutoka chini ili mtu aweze kuingiza reki na kutoa samadi bila kutambaa. Mbao au fito za sakafu ziachane sentimita moja na nusu, zikizidi sana ziwe mbili. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hapo kinyesi hakidondoki, ikiwa kubwa mguu wa kitoto unazama na kuvunjika. Mahali pakavu wala hamhitaji kichanja, udongo ulioinuka na usiotuamisha maji unatosha.

Kila jike mkubwa mpimieni mita moja na nusu ya mraba ya kulala. Beberu apewe chumba chake na kipana zaidi. Ukuta wa upande upepo unakotokea uzibwe mpaka usawa wa kichwa cha mbuzi, juu yake muache wazi hewa ipite. Watu wanaziba kila mahali wakidhani wanawasaidia, kumbe harufu ya mkojo ndiyo inayoharibu mapafu.

Hori liwe nje ya banda, mbuzi apitishe kichwa tu. Akiweza kuingiza miguu kwenye hori atakojolea chakula chake, kisha atagoma kukila. Ni mnyama mlafi lakini ana kinyaa kuliko sisi.

Na mjenge chumba kidogo cha pembeni cha mgeni na mgonjwa. Msikisahau hicho.

Kitindamimba

Shikamoo bibi, asante sana. Hiki cha mgeni na mgonjwa hakikuwa hata kwenye mchoro wetu.

Bibi wa Zizi

Marahaba mwanangu.

MajaniMabichi

Wote wanauliza "nianze na mbuzi wangapi", hakuna anayeuliza "nina majani ya mbuzi wangapi". Hilo la pili ndilo linalojibu la kwanza.

Mbuzi hula kwa siku chakula kikavu cha kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake, anayenyonyesha zaidi ya hapo. Jike wa kilo 30 basi ni kama kilo moja ya chakula kikavu. Majani mabichi robo tatu au zaidi ni maji, kwa hiyo kilo moja hiyo ni kilo nne au tano za majani uliyokata. Kwa mbuzi watano ni mzigo wa zaidi ya kilo 20 kila siku, na kuna kinachomwagika. Nenda kasimame kwenye eneo lenu wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua, uangalie kama mzigo huo utapatikana hapo kila siku kwa miezi yote mikavu. Kama haupatikani, pandeni kwanza, mbuzi wafuate baada ya msimu mmoja.

Pandeni miti ya malisho kuliko nyasi. Ng'ombe anainamisha kichwa, mbuzi anainua. Akiachwa achague, sehemu kubwa ya siku atakula majani ya vichaka na miti. Faida nyingine ni minyoo. Viluwiluwi vya minyoo vinapanda kwenye majani ya nyasi wakati wa umande na wengi hubaki sentimita chache kutoka ardhini. Mbuzi anayekula kwa shingo iliyonyooka anawameza wachache.

Lusina ni nzuri, ina protini nyingi, ila isizidi kama theluthi moja ya mlo. Ina sumu inayonyonyosha manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo. Hapa niwape kisa kidogo kwa wanaopenda visa: mtafiti wa Australia, Raymond Jones, alishangaa kuona mbuzi wa Hawaii wanakula lusina bila kudhurika ilhali mifugo ya kwao Australia inaumwa. Ikaonekana mbuzi wa Hawaii wana bakteria tumboni wanaoivunja sumu hiyo. Miaka ya 1980 majimaji ya tumbo yakahamishiwa mifugo ya Australia, nao wakaanza kuila. Bakteria huyo leo ana jina lake Jones. Ila usijipe moyo kwamba mbuzi wako anaye.

Pumba na nafaka ni kidogo kidogo. Mbuzi akivamia gunia la nafaka usiku, asubuhi unaweza kumkuta amelala chali kwa tumbo lililochacha. Fungeni stoo.

Mpita Njia

Mnamzungusha mwenzenu. Fedha anayo, anunue Boer kumi na beberu mmoja safi, baada ya mwaka anauza mbegu. Kumbukumbu ya mama ni pale mradi unapoingiza fedha, si kulea vikongwe.

Kwato Nne

Mpita Njia, ulipita bila kusoma post ya kwanza?

Bibi wa Zizi

Mwacheni, hoja yake ina upande wake wa kweli. Boer ni mbuzi wa nyama hodari, walimtengeneza wafugaji wa Afrika Kusini, anakua haraka kweli. Lakini anakua kwa chakula. Ukimweka kwenye malisho ya mbuzi mdogo wa kienyeji atakonda, kisha minyoo itammaliza. Saanen na Toggenburg ni wa Uswisi, wana maziwa kweli kweli, nao wanataka mkono wa mtu kila saa. Saanen ngozi yake nyeupe inaungua na jua kali.

Mfugaji anayeanza achukue majike waliokwisha kuzoea mazingira yake, wale wanaozaa na kulea bila kubembelezwa. Mbegu bora ailete kwa beberu. Beberu mmoja anaingiza nusu ya damu kwenye vitoto vyote vya zizi, wakati jike mmoja wa gharama anakupa vitoto vyake tu. Fedha mnayotaka kununulia majike kumi wa kigeni inatosha kununua beberu mmoja mzuri sana, na chenji inabaki ya paa.

Mkienda kununua, mfungueni mdomo. Mbuzi hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu. Chini ana manane. Meno yote madogo ya utoto, hajafikisha mwaka au ndio anaufikia. Mawili makubwa katikati, mwaka na kidogo. Manne, kama miaka miwili. Sita, mitatu. Nane, ameshakamilika, ana minne. Yakianza kuachana na kung'oka, huyo anauzwa kwa sababu. Nunueni wa meno mawili au manne. Shikeni kiwele: kiwe laini, chuchu mbili, kisiwe na uvimbe mgumu. Mtembezeni. Na muulize mwenyewe kwa nini anauza, kisha mnyamaze kimya mumwache aongee.

Jambo moja wengi hawalijui: msimpandishe jike asiye na pembe kwa beberu asiye na pembe. Kwa mbuzi, hali ya kuzaliwa bila pembe imefungamana na kasoro ya uzazi. Mkiwapandisha wote wawili wasio na pembe, baadhi ya vitoto vya kike vitazaliwa huntha, yaani si dume kamili wala si jike kamili, na havitazaa. Mmoja wao awe na pembe, basi.

Kitindamimba

Nimekaa na dada kwenye simu tukasoma yote haya. Tumekubaliana tusizidi majike watano tukiwahesabu na wa mama, tupande malisho kwanza, beberu tuazime.

Sasa lile la kununiana. Kikongwe wa mama misimu miwili sasa hashiki mimba. Kaka anasema auzwe, mradi ni mradi. Dada wa pili anasema akiuzwa yeye anajitoa. Mimi nimekaa katikati. Binti wa kikongwe yeye anazaa vizuri, na mwaka huu ana kidume mzuri sana, mwekundu kama bibi yake. Wazo langu lilikuwa tumfanye huyo kidume ndiye beberu wa zizi, ili damu ya mbuzi wa mama isipotee. Mnaonaje?

Dada Herini

Nimekuwa nikisoma tu. Sasa acha niseme, maana na sisi zizi letu lilianzishwa kwa ajili ya baba.

Huyo kidume mwekundu, hapana. Sikiliza kwa nini. Mkimfanya beberu, atampanda mama yake, kisha dada zake, kisha binti zake. Miaka michache tu mtaona vitoto dhaifu, vinavyozaliwa na taya fupi, majike wasioshika mimba. Mtakuwa mmeifunga damu ya mama ndani ya chupa mpaka ichache. Beberu yeyote, hata wa kuazima, aondoke kabla binti zake hawajaanza kupandwa. Kwa zizi dogo maana yake ni kumbadili kila mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Damu ya mama inabaki kwa majike. Binti wa kikongwe akizaa jike, huyo anabaki. Naye akizaa jike, anabaki. Huo ndio ukoo. Mabeberu wanakuja na kuondoka, uzi wa kike haukatiki. Sisi ukoo wa mbuzi wa baba tunautia herini ya rangi yake masikioni, na katika daftari una kurasa zake. Kidume anayezaliwa humo anahasiwa au anauzwa kama mwingine yeyote, bila kikao.

Hicho ndicho kilichotuokoa, kwa maoni yangu: tuliamua mapema kumbukumbu inakaa wapi. Kama kila mbuzi ni "mbuzi wa baba" hamtaweza kumuuza hata mmoja, hata mwenye kiwele kibovu, hata anayewatupa watoto. Zizi litajaa, majani yataisha, na wote watakonda. Nimeliona likitokea kwa watu wenye mapenzi ya kweli na marehemu wao. Sisi tulisema: ukoo mmoja ni wa baba, wengine wote ni mbuzi.

Sasa kikongwe. Msimuuze, lakini msimweke kwenye hesabu ya mradi. Hapo ndipo kaka yako na dada yako wote wanapata haki yao. Kaka ana haki, mbuzi asiyezaa anakula kilo zile zile nne tano za majani ambazo jike anayezaa angekula. Basi pigeni hesabu ya chakula chake na dawa zake kwa mwaka, mgawane nyinyi wanne mifukoni mwenu, isitoke kwenye fedha ya zizi. Mbuzi anayetunzwa anaweza kufika miaka kumi na kuzidi, na huyu inaelekea ameshakaribia. Dada wa pili anayetishia kujitoa awe wa kwanza kuchanga.

Mpita Njia

Hapo kwenye kuchanga mfukoni nakubali kwa shingo upande. Lakini je, kikongwe akianza kuteseka? Meno yakiisha hali tena, anakufa kwa njaa huku mnamwangalia eti kwa heshima.

Dada Herini

Umesema jambo la maana, Mpita Njia. Amueni sasa hivi, wakati bado anatembea, ni dalili gani zikionekana mtamwita daktari wa mifugo ammalize bila maumivu. Mkisubiri siku yenyewe, kila mtu atakuwa analia na hakuna atakayeamua, na dada yenu mkubwa ndiye ataachiwa. Na kabla hamjaamua kwamba ni uzee, daktari amwangalie. Kukosa mimba misimu miwili kunaweza kuwa uzee, kunaweza pia kuwa ugonjwa wa kuwaambukiza hao mtakaowanunua.

Sindano

Asante Dada Herini kwa kunifungulia mlango. Mimi kazi yangu ni afya ya mifugo, kwa hiyo mnivumilie nikiwa mrefu.

Kikongwe na binti yake wapimwe ugonjwa wa kutupa mimba kabla mbuzi mwingine hajaingia. Bakteria wake wanapita kwenye maziwa mabichi na kwenye kondo la nyuma, na binadamu anaupata. Mwaka 1905 huko Malta, daktari Themistocles Zammit ndiye aliyegundua kwamba mbuzi waliokuwa wakionekana wazima kabisa ndio waliokuwa wakiwaambukiza watu homa iliyosumbua kisiwa kizima. Kwa hiyo "mbona anaonekana mzima" si kipimo. Maziwa yachemshwe daima. Anayezalisha mbuzi avae glavu, na mama mjamzito asishike uzazi wa mbuzi kabisa.

Kila mbuzi anayenunuliwa akae kwenye kile chumba cha bibi kwa mwezi mzima, mbali na wengine, na vyombo vyake vya maji viwe vyake. Katika mwezi huo apewe chanjo na dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa eneo lenu, anayejua magonjwa ya huko. Kuna mawili ya kuulizia kwa jina. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilielezwa mara ya kwanza Côte d'Ivoire mwaka 1942: homa, makamasi mazito, vidonda mdomoni, kuharisha, na zizi linaweza kufagiliwa ndani ya wiki. Chanjo yake ni nzuri, dozi moja inakinga miaka mitatu au zaidi. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na shirika la afya ya wanyama duniani wanalenga kuitokomeza hii ya mbuzi ifikapo 2030, kwa hiyo maeneo mengi kuna kampeni za chanjo, ulizeni. La pili ni homa ya mapafu ya mbuzi. Mbuzi anakohoa, shingo imenyooka, anapumua mdomo wazi. Hiyo haisubiri kesho.

Minyoo sasa, maana ndiyo inayoua taratibu na kila siku. Adui mkubwa ni mnyoo wa tumbo anayenyonya damu. Jike wake mmoja anataga maelfu ya mayai kwa siku. Mtindo wa kuwanywesha zizi lote dawa kila baada ya miezi mitatu umefanya minyoo izoee dawa. Jifunzeni kufunua kope. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi inayoitwa FAMACHA, yenye ngazi 1 hadi 5: ndani ya kope kukiwa kwekundu ni 1, kukiwa kweupe kama karatasi ni 5. Anayepewa dawa ni wa 4 na 5, na kwa mbuzi mimi hata wa 3 namtilia shaka, hasa akiwa kitoto au ana mimba. Wekundu waacheni. Kadi ichukuliwe kwa mtaalamu awafundishe, msichapishe kutoka kwenye simu maana rangi zinapotoka. Na ieleweke kwamba kadi inaonyesha upungufu wa damu tu, mbuzi anayeharisha kwa minyoo ya aina nyingine anaweza kuwa na kope jekundu.

Kipimo cha dawa kitokane na uzito, si kwa jicho. Mwili wa mbuzi unaziondoa dawa nyingi haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo dozi iliyoandikwa ya kondoo mara nyingi haimtoshi mbuzi. Muulizeni daktari, msizidishe wenyewe.

Kitindamimba

Sindano, nimenakili yote. Dada anauliza kuhusu kuzaa, mama ndiye aliyekuwa anazalisha, yeye alikuwa anashika taa tu.

Sindano

Mwambie aliyeshika taa ameona mengi kuliko anavyodhani.

Mimba ni siku 150, ongeza au punguza tano. Aandike tarehe ya kupandwa, asitegemee kukumbuka. Asiposhika mimba, joto la kutaka beberu linarudi baada ya siku 21 hivi na linadumu siku moja au mbili. Wiki sita za mwisho ndipo kitoto kinapokua sana tumboni, hapo ndipo jike aongezewe chakula bora polepole. Jike mwenye mapacha akikosa chakula muda huo, au akiwa amenenepeshwa kupita kiasi mapema, anaweza kulala chini asiinuke.

Akianza kusukuma kwa nguvu na nusu saa imepita hakuna kinachoendelea, apigiwe mtu simu. Kikitoka: pua isafishwe, kitovu kichovywe iodini, kinyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ndani ya saa moja au mbili. Kwa siku ya kwanza kipate jumla ya moja ya kumi ya uzito wake, yaani kitoto cha kilo mbili kinataka mililita 200, kwa awamu. Mbuzi hapitishi kinga kwa mtoto kupitia kondo, kinga yote iko kwenye hiyo dang'a, na tumbo la kitoto linafunga mlango wa kuipokea ndani ya siku hiyo moja. Maziwa ya kesho hayafidii.

Kwato Nne

Mimi narudi kwenye hesabu, kwa sababu kaka yenu wa mradi atauliza. Tuseme majike wanne wanaozaa. Miezi mitano ya mimba, mitatu ya kunyonyesha, mkienda vizuri mnapata mizao mitatu katika miaka miwili. Mzao mmoja majike wanne wakileta vitoto sita, watatu majike, na mmoja afe, maana watakufa wengine, msidanganyane. Mwaka wa kwanza basi mna matumizi matupu. Wa pili mnauza vidume vichache. Akitarajia gawio mapema mwambieni abaki na fedha yake.

Dada Herini

Na mimi niongeze moja halafu ninyamaze. Mkishatulia, labda mwaka wa tatu, fikirieni kutoa. Sisi kila mwaka jike mmoja mwenye mimba anapewa jirani asiye na mbuzi, naye akipata jike la kwanza analikuza na kumpa jirani mwingine. Si ubunifu wetu. Shirika la Heifer International, lililoanzishwa na mkulima wa Marekani Dan West mwaka 1944, limekuwa likifanya hivyo kwa mifugo miaka yote. Nimeupenda mtindo huo kwa sababu siku hizi kuna watu wanaotaja jina la baba bila kuwa wametuona sisi.

Ila msitoe mwaka wa kwanza. Na msimpe mtu asiye na majani, mtakuwa mmempa mzigo.

Mpita Njia

Hapo mmenimaliza. Mleta uzi, chukua ushauri wa hawa, mimi nitabaki na Boer wangu.

Kitindamimba

Mrejesho wakuu. Tumefanya kikao kwa simu, wote wanne.

Dada mkubwa atachukua kitoto kimoja kila mzao pamoja na maziwa, tumeandika. Kikongwe anabaki, tunachanga sisi wanne, na dada wa pili ndiye mweka hazina wa kikongwe (amecheka, lakini amekubali). Daktari anakuja kuwapima wote wawili kabla hatujanunua. Malisho yanapandwa mvua zikianza, banda linajengwa katikati, mbuzi watatu wapya wananunuliwa baada ya hapo. Ukoo wa mama utakuwa na herini nyekundu. Kaka alitaka bango kubwa lenye picha ya mama getini, dada mkubwa amekataa, anasema mama hakupenda kupigwa picha.

Limebaki moja. Yule kidume mwekundu ana miezi mitatu sasa na nimeambiwa ameanza kumpandia mama yake. Tumhasi sasa hivi au tusubiri?

Sindano

Mtengeni leo hii, msisubiri fundi. Vidume wengine wanaweza kutia mimba wakiwa na miezi minne, hata pungufu.

Kuhasi kunaweza kufanyika sasa, ila kwa umri huo afanye daktari kwa koleo la kuminya mishipa au kwa upasuaji, na dawa ya ganzi iwepo. Mpira wa kubana ni wa vitoto vya siku chache, msiutumie kwake. Apewe kinga ya pepopunda kabla. Na akishahasiwa msimlishe nafaka nyingi, apate maji tele na chumvi ya kulamba, kwa sababu mbuzi aliyehasiwa mapema njia yake ya mkojo inabaki nyembamba na vijiwe vinaiziba. Mkimwona anajikamua, anapiga kelele na mkojo hautoki, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Kama mna mnunuzi anayetaka kidume wa mbegu mahali ambapo hakuna ndugu zake, muuzeni bila kuhasi. Mwekundu wa kutoka kwa jike anayezaa vizuri atapata mtu.

Kitindamimba

Ametengwa. Dada amemfunga upande wa pili wa nyumba, anasema anapiga kelele mpaka majirani wameuliza. Mnunuzi tunamtafuta.